Mche wa kahawa kwenye shamba la kukodi

Tuchukue mfano wa Bushi, Kivu ya Kusini. Kwa desturi ya kule, shamba linapatikana hasa kwa njia mbili. Kalinzi: unamtolea mwenye ardhi ng'ombe au kitu cha thamani, shamba linabaki kwako na watoto wako. Bwasa: unakodi kwa msimu, unapanda maharagwe, ukisha vuna unarudisha. Kupanda miti hapana, juu mti unaonyesha kama shamba ni lako.

Sasa proje inaleta miche ya kahawa. Kahawa inangojewa karibu miaka 3 mbele ya kuzaa. Mwenye bwasa ataipanda wapi? Hata akichimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, udongo ukinona mwenye shamba anaweza kulichukua. Akikataa miche, tusimwite mvivu.

Sheria ya ardhi ya 1973, kifungu cha 389, iliahidi ordonansi ya Rais juu ya ardhi za desturi. Miaka makumi ilipita bila hiyo ordonansi.

Basi wewe utakayeajiriwa kesho kwenye proje, mbele ya kuuliza mbegu gani, uliza: hili shamba ni la nani, na kwa muda gani? Kisha saidia mapatano yaandikwe, miaka itajwe, mashahidi watie sahihi.