Jina la Gari Si Dhamana

Mara nyingi watu hubishana gari lipi ni salama zaidi: Toyota, Honda au Nissan? Kumbukumbu za serikali kuhusu magari yaliyorudishwa kiwandani zatufundisha kuwa jina pekee halitoshi.

Kampuni ya Takata ya Japani iliviuzia viwanda vingi mifuko ya hewa, ile inayofumuka gari ligongapo ili kumkinga dereva. Baruti iliyotumika ilikuwa ya amonia naitreti. Ikikaa miaka mingi katika joto na unyevu, baruti hiyo huharibika. Siku ya ajali hulipuka kupita kiasi, ikapasua mkebe wake wa chuma na kumrushia dereva vipande. Nchini Marekani pekee mifuko ipatayo milioni 67, katika magari ya viwanda 19, iliamriwa ibadilishwe. Juni 2017 Takata ikafilisika.

Basi, wingi wa magari yaliyoitwa si kipimo kamili cha ubaya wa kiwanda. Tupime pia uzito wa kasoro, muda uliopita kabla haijatangazwa, na idadi ya magari yaliyotengenezwa kweli.

Afrika Mashariki hununua magari mengi yaliyokwisha kutumika Japani, na pwani yetu ina joto na unyevu. Mwito wa kiwanda ulipelekwa kwa mwenye gari wa kwanza. Wa pili aweza asiupate kamwe. Kwa hiyo, kabla ya kulipa fedha, namba ya chesisi na ilinganishwe na orodha za kiwanda. Askari hapokei bunduki bila kuikagua. Gari nalo listahili hivyo hivyo.