Ndege ya Mbao na Kitambaa

Zamani ndege haikuwa ya chuma. Katika Vita Kuu ya kwanza, Wabelgiji walipewa na Waingereza ndege nne za kutumia katika Ziwa Tanganyika. Zilisafirishwa kwa meli, kwa gari la moshi na kwa mito mpaka Mtoa, kusini ya Fizi na Baraka.

Mifupa yake ilikuwa mbao nyembamba, na ngozi yake kitambaa. Kitambaa kilipakwa dawa. Ilipokauka kilikaza kama ngozi ya ngoma.

Kila ndege ilikuwa na mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine. Kwa nini? Bawa moja la mbao, likiwa refu na jembamba, huvunjika upesi. Lakini mawili yakishikwa kwa nguzo, na nguzo zikifungwa kwa nyaya, huwa kama sanduku: jepesi, wala halipindiki. Waya ukilegea, bawa hupinda, na rubani yumo hatarini. Kwa hiyo nyaya hukaguliwa kabla ya kuruka.

Badala ya magurudumu zilikuwa na maboya, yakielea kama mitumbwi. Lakini mawimbi ya Tanganyika, kila mvuvi wa Baraka anayajua! Yangeyavunja. Basi ndege zikawekwa Tungwe, penye maji matulivu.

Kutoka huko, mwaka 1916, rubani Aimé Behaeghe alivuka ziwa akaangusha mabomu Kigoma, bandari ya Wajerumani. Akarudi salama. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule alikufa kwa ugonjwa huko Niemba.