Kuzimika kulikovunja rekodi

Umeme uliokatika na kuwagusa watu wengi kuliko wakati mwingine wowote haukukatwa na mdukuzi. Julai 31, 2012, gridi za India zilizidiwa na mzigo zikaanguka moja baada ya nyingine, na watu wapatao milioni 620 wakabaki bila umeme. Kwa upande wa kompyuta, rekodi ni ya Julai 19, 2024: mashine milioni 8.5 za Windows ziligoma kwa sababu ya sasisho moja bovu kutoka CrowdStrike, kampuni ambayo kazi yake ni kuzilinda.

Mfano wa chanzo kidogo cha kuzimika kwa umeme tunao Kenya. Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha kuzalisha umeme cha Gitaru akaangukia transfoma. Nchi nzima ikazimika kwa saa kadhaa. Tumbili alipona.

Shambulio la kwanza la mtandaoni kuzima umeme wa raia lilitokea Ukraine, Desemba 23, 2015. Watumishi wa zamu waliona kishale kikitembea chenyewe kwenye skrini, kikizima kituo baada ya kituo, nao hawakuweza kukizuia. Wateja kama 225,000 waliingia gizani. Umeme ulirudi baada ya saa chache kwa kuwa mafundi walikwenda vituoni wakawasha kwa mkono.

Shambulio la mtandaoni lililokula fedha nyingi zaidi katika miaka hiyo ni la programu hasidi NotPetya, Juni 27, 2017: serikali ya Marekani ilikadiria hasara ya dola bilioni 10. Lilianzia kwenye programu ya uhasibu ya Ukraine, likafika Maersk, kampuni kubwa ya meli, na malori yakapanga foleni kwenye mageti ya bandari. Seva zote zilizotunza majina na ruhusa za watumiaji wa kampuni zilifutwa, isipokuwa moja ya Ghana, iliyokuwa imezimika kwa kukatika kwa umeme. Data ya seva hiyo ilihitajika Uingereza; mfanyakazi wa Ghana, kwa kuwa hakuwa na viza ya huko, alisafiri hadi Nigeria kumkabidhi mwenzake diski yenye data hiyo aipeleke. Ndani ya siku 10 kompyuta 45,000 zilikuwa zimewekewa mfumo upya.

Kampuni kubwa kiasi hicho iliokolewa na bahati tu. Wanaosimamia umeme, maji na bandari zetu wawaulize mafundi wao leo: nakala isiyounganishwa na mtandao iko wapi, na nani bado anajua kuwasha mtambo kwa mkono?