Sura ya Sita: Jua, Pampu na Tangi

Katika mamlaka ya maji, umeme mwingi huishia kwenye kupandisha maji. Lita 1,000 zikipandishwa mita 100 kutoka kisima kirefu huhitaji, kwa hesabu tupu ya fizikia, uniti 0.27 (uniti ni kilowati-saa); pampu na mota zikipoteza nusu, hitaji hufika takriban uniti 0.55. Mradi wa kijiji unaotoa lita 200,000 kwa siku hula basi uniti 110. Pale ambapo kilowati 1 ya paneli huzalisha uniti 4 hadi 5 kwa siku, mradi huo unataka paneli za kilowati 22 hadi 28. Mfumo wenyewe una sehemu tatu: paneli, pampu na tangi.

Kuhusu paneli, dhana iliyoota mizizi ni kwamba penye joto kali ndipo penye umeme mwingi. Sivyo. Paneli hula mwanga, si joto. Nguvu iliyoandikwa mgongoni mwake hupimwa ikiwa na nyuzi 25 za Selsiasi, na kila nyuzi inayozidi hupunguza takriban asilimia 0.4. Paneli iliyofika nyuzi 60 imekwisha kupoteza asilimia 14. Kwa mwanga uleule, paneli iliyo kwenye baridi ya Njombe huishinda iliyo kwenye joto la Lodwar.

Pampu ndiyo hueleweka vibaya zaidi, kwa sababu wengi hudhani nusu ya jua huleta nusu ya maji. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uendeshe mota, hubadilisha kasi ya pampu kufuata mwanga, lakini uwezo wa kupandisha maji hufuata mraba wa kasi: kasi ikiwa asilimia 80, uwezo hubaki asilimia 64. Pampu yenye kikomo cha mita 140 kwa kasi kamili hukomea hapo karibu mita 90. Tangi likiwa mita 100 juu ya maji ya kisima, pampu inazunguka na tone halifiki. Fundi wa kubahatisha atasema pampu imekufa. Jirani atasema kisima kimerogwa. Hakuna uchawi hapo: kinachosubiriwa ni jua kupanda.

Tangi ndilo jibu kwa wanaoshikilia kwamba bila betri usiku hakuna maji. Maji yaliyokwisha kupanda yana nguvu yake. Ihelele, wilayani Misungwi, maji ya Ziwa Victoria husafishwa, husukumwa hadi tangi la kilima cha Mabale, kisha huelekea Shinyanga na Kahama kwa mserereko. Chanzo hicho kilijengwa kutegemea umeme wa gridi, lakini kanuni ni ileile: mchana wa kupandisha, usiku wa kuteremsha. Betri ndogo hutosha kwa kipimia klorini na vitambuzi. Mtambo mkubwa wa kutibu maji usiolala huendelea kuhitaji gridi, na paneli hupunguza bili ya mchana tu.

Limebaki neno linalopendwa majukwaani: maji ya bure. Jua halitozi bili, ila inveta huungua, pampu huchakaa na paneli hushika vumbi. Kwa pampu za dizeli, gharama ya mafuta ilikuwa pia breki ya kuvuta maji. Ikiondoka, pampu inaweza kukikausha kisima mchana kutwa, hivyo kitambuzi cha kina cha maji si anasa. Chombo cha watumia maji kinachofuta ada kwa sababu kimefunga paneli hakitakuwa na fedha za kununua inveta nyingine.