Elimu mashariki mwa Congo: prefe anayetia sahihi peke yake, na faida ya kuwa na wenzake

Katika shule nyingi za Kivu, Ituri na Tanganyika, kuna mtu mmoja ambaye sahihi yake iko chini ya kila karatasi. Orodha ya walimu inayotumwa kwa ajili ya malipo, buletini za wanafunzi, risiti za minervali, majina ya finalisti wa mtihani wa serikali: yote yanapita mikononi mwake. Kwenye shule ya msingi anaitwa direkta, kwenye sekondari ni prefe wa masomo. Karatasi ikiwa na kosa, anaitwa yeye. Mshahara wa walimu ukichelewa, unagongwa mlango wake, ingawa si yeye anayeshika sanduku la serikali.

Watu wanaomwamuru ni wengi. Tangu mkataba wa 26 Februari 1977 kati ya serikali na makanisa, sehemu kubwa ya shule za serikali nchini zinaongozwa na makanisa: Wakatoliki, Waprotestanti, Wakimbangu, na baadaye jamii ya Waislamu pia ikapata mtandao wake. Hivyo prefe wa shule ya kanisa anapokea barua kutoka kordinasyo ya kanisa, nyingine kutoka sudivizyo ya elimu, na inspekta naye anakuja na daftari lake. Chini yake kuna walimu, na mbele ya geti kuna wazazi. Barua hizo zikipingana, hakuna anayemwambia afuate ipi.

Walimu wana sendika zao, kama SYECO, au SYNECAT kwa shule za Kikatoliki. Mkuu wa shule naye anaweza kuwa memba humo, lakini siku ya mgomo anabaki katikati. Mwanzo wa mwaka wa shule 2024-2025 ulionyesha jambo hilo vizuri. Walimu wa shule za serikali katika majimbo mbalimbali, Kivu ya Kusini ikiwemo, walikataa kuingia darasani wakidai mshahara bora. Prefe alitakiwa kufungua shule, wakati walimu wake wako nyumbani na watoto wamesimama uwanjani na sare mpya. Akipiga kengele, walimu wanamwita msaliti. Asipopiga, wakubwa wanamwandikia barua ya kumtaka ajieleze. Swali hilo la kengele ni la wakuu wa shule peke yao, na mahali pa kulijadili ni kati ya wakuu wenyewe.

Hapo ndipo chama cha wakuu wa shule kinapata kazi yake. Vyama vya namna hiyo viko vya aina mbalimbali. Wenye shule za binafsi zilizokubaliwa na serikali wana ASSONEPA, ambayo inajulikana nchini kote. Kwa shule za serikali, mara nyingi ni makundi ya mji au teritware, mengine yana karatasi zote, mengine ni kundi la WhatsApp na likelemba ya kila mwezi tu. Wizara nayo iliweka mtandao wa shule jirani, unaofahamika kwa kifupi cha Kifaransa REP, ambamo shule za karibu hukutana kwa mambo ya ufundishaji. Ni kitu kizuri, lakini kinaitishwa kutoka juu na kinahusu masomo. Maneno ya pesa, ya kesi na ya uchovu hayana nafasi sana humo.

Na pesa ndiyo inayopeleka wakuu wengi wa shule pabaya. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema elimu ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za serikali. Ilibidi kungoja Septemba 2019 ili jambo hilo lianze kutekelezwa kwa kweli. Madarasa yakajaa, prime ambayo wazazi walikuwa wakiwalipa walimu ikakatazwa, na walimu wengi ambao hawajaingizwa kwenye malipo ya serikali wakajikuta bila kitu. Pesa za kuendesha shule zilizoahidiwa nazo mara nyingi zilichelewa. Katika majimbo mbalimbali, wakuu wa shule walisimamishwa kazi kwa kupokea pesa za wazazi. Wengine walikuwa wezi, hilo lisifichwe. Wengine walikuwa wamefuata tu makubaliano ya mkutano wa wazazi, bila kujua kwamba mkutano wa wazazi hauwezi kufuta neno la katiba.

Kwenye sekondari wazazi bado wanalipa, na viwango vinawekwa kwa amri ya liwali wa jimbo. Amri hiyo imeandikwa kwa Kifaransa cha ofisi, na inafika kwenye shule za vijijini ikiwa fotokopi ya fotokopi. Chukua mfano wa prefe aliyeteuliwa mwaka huu huko ndani ya Kalehe au Fizi. Jana alikuwa mwalimu wa hesabu, na hakuna aliyemfundisha kusoma amri kama hiyo. Kamati ya wazazi inamwomba aongeze kiasi kidogo ili kuwalipa walimu watatu ambao hawamo kwenye orodha ya serikali. Je, anaweza? Kwa njia gani? Nani mwingine atie sahihi? Akikosea, atajibu mbele ya sudivizyo, na pengine mbele ya parke.

Akiwa na wenzake, maswali hayo yanapata majibu kabla ya pesa kupokelewa. Mwenye miaka 15 kazini amekwisha kuona jambo hilo: anajua kwamba lazima kuwe na muhtasari wa mkutano wenye sahihi za kamati, kwamba pesa isipitie mfukoni mwa mtu, na kwamba kuna mambo ambayo hata wazazi wote wakikubali hayaruhusiwi. Na pale ambapo amri yenyewe haieleweki, wakuu kumi wakiandika barua moja kwenda sudivizyo, ni vigumu kujibiwa kwa mdomo tu. Jibu la maandishi lina thamani kubwa siku ambayo inspekta mpya anakuja na maelezo yake.

Kuna faida nyingine ambayo haisemwi sana, lakini kila prefe anaijua. Mtoto anadaiwa minervali ya mihula miwili kwenye shule moja. Baba yake anamhamishia shule ya kartie ya pili, bila buletini wala dosie, na prefe wa pili anampokea kwa sababu naye anatafuta wanafunzi. Shule ya kwanza imepoteza pesa, na ya pili haijui kama mtoto alipanda darasa au alifeli. Wakuu wanaofahamiana wanamaliza jambo hilo kwa simu moja. Wazazi wanaweza kulichukia, na wana haki ya kuangalia kwa jicho kali: wakuu wa shule wanaokubaliana kuhusu madeni leo, kesho wanaweza kukubaliana kupandisha bei. Chama kizuri kinaalika kamati za wazazi kwenye mikutano yake angalau mara moja kwa mwaka.

Vita vimeongeza uzito wa mambo haya. Goma iliingia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu katikati ya Februari. Shule zilifungwa, familia zikakimbia, wengine hadi Burundi. Shule ikiporwa, kinachopotea si madawati tu. Majina ya finalisti, alama za miaka iliyopita, karatasi zinazoonyesha kwamba mtoto fulani alimaliza darasa la tano: vikiungua, nani atathibitisha? Mkuu wa shule aliyekuwa na nakala kwa mwenzake wa mji mwingine, hata kama ni picha za simu zilizotumwa kwenye kundi, ana pa kuanzia. Asiye na nakala anaanza kuuliza wanafunzi wenyewe. Na mtoto anapofika ugenini bila karatasi, neno la prefe mmoja kwa mwingine mara nyingi ndilo linalomfungulia darasa kwa muda, wakati dosie inatafutwa.

Kwa majirani, mambo haya yamekwenda mbali. Kenya, ambayo iko pamoja na Congo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, ina chama cha wakuu wa sekondari kinachoitwa KESSHA. Kila mwaka maelfu ya wakuu wanakutana Mombasa, na waziri wa elimu huja kuwasikiliza na kujibu. Pesa za serikali zikichelewa kufika shuleni, ni viongozi wa KESSHA wanaosema hadharani, kwa hiyo mkuu mmoja mmoja halazimiki kuhatarisha kazi yake. Lakini huko pia kumekuwa na maswali kuhusu michango ya chama na safari zinazolipwa kwa pesa za shule.

Swali hilo linafaa kuulizwa Congo mapema. Mchango wa memba ukitoka kwenye minervali, ni mzazi anayelipia chama asichokijua. Ukitoka kwenye mshahara wa prefe, utakuwa mdogo, na chama kitakuwa maskini, lakini kitaweza kusema ukweli mbele ya wazazi na mbele ya serikali. Hatari nyingine ni ile ya vyama vingi: mwenyekiti anakaa miaka kumi, hesabu hazisomwi, na memba wanaitwa tu kukiwa na kilio au mgeni kutoka Kinshasa.

Tena kuna mipaka ya mitandao. Mara nyingi maprefe wa Kikatoliki wanakutana wao kwa wao, na wa Kiprotestanti vilevile. Amri ya liwali ni moja, mtihani wa serikali ni mmoja, na mtoto anayehama anavuka kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine bila kuuliza. Kundi linalochanganya wote, pamoja na wanawake wachache wanaoongoza shule na ambao mara nyingi hawana mtu wa kumuuliza, lina nguvu zaidi kuliko matatu yaliyotengana.

Njia ya kisheria ipo. Sheria nambari 004/2001 ya 20 Julai 2001 inaruhusu watu kuunda shirika lisilotafuta faida, likiwa na katiba yake ya ndani na viongozi wanaojulikana. Wakuu wanaotaka kuanza hawahitaji kungoja karatasi zote ziishe. Wanaweza kuanza na mkutano wa Jumamosi moja kwa mwezi, amri ya liwali ya mwaka huu mezani, na mtu mmoja anayeisoma kwa sauti, kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili.