Hiari, Sharti na Lazima: Ulinganisho wa Vyeti vya Usalama wa Chakula na Sheria ya Usalama wa Mtandao katika Umoja wa Ulaya

Utangulizi

Neno usalama katika Kiswahili hubeba mizigo miwili ambayo baadhi ya lugha huigawa. Husemwa usalama wa chakula, yaani hali ya chakula kutomdhuru mlaji; husemwa pia usalama wa mtandao, yaani kinga ya mifumo ya kompyuta dhidi ya wenye nia mbaya. Katika hali ya kwanza, aghalabu adui hana nia, kwa kuwa bakteria hawapangi njama. Katika hali ya pili adui hufikiri, huvizia na hubadili mbinu. Kwa kuwa neno ni moja, ni rahisi kudhani kwamba taratibu za kulinda mambo haya nazo ni za aina moja, na kwamba mwenye cheti cha jambo la kwanza amekwisha kutimiza la pili. Dhana hiyo inaweza kumgharimu mwenye kiwanda fedha nyingi. Makala haya yanazilinganisha taratibu hizo kwa kutumia mfano wa Umoja wa Ulaya, ambako kiwanda kimoja cha chakula kinaweza kuguswa na zote mbili kwa wakati mmoja.

Cheti kinachoombwa

Ieleweke kwanza kwamba katika Ulaya usalama wa chakula wenyewe si wa hiari. Kanuni Na. 852 ya mwaka 2004 inawataka wenye biashara za chakula, ukiacha uzalishaji wa awali shambani, kufuata taratibu zinazotokana na misingi ya HACCP. Huo ni mfumo wa kuchambua hatari na kudhibiti zile hatua ambazo kosa likizipita ni vigumu kulirekebisha mbele ya safari. Ulibuniwa Marekani katika miaka ya 1960 na kampuni ya Pillsbury ikishirikiana na NASA, kwa ajili ya chakula cha wanaanga. Kukipima chakula baada ya kukiandaa hakukutosha, kwani ili mtu awe na uhakika angelazimika kukiharibu kingi mno kwa vipimo.

Kilicho cha hiari, basi, ni cheti. ISO 22000, kiwango kilichotolewa mwaka 2005 na kuhuishwa mwaka 2018, hakimshurutishi mtu yeyote kisheria. Mwenye kiwanda hukiomba cheti mwenyewe, humlipa mkaguzi mwenyewe, na akitaka hukiacha. Hata hivyo, hiari hiyo ina mipaka. Maduka makubwa ya Ulaya yalianzisha mwaka 1997 utaratibu wa EUREPGAP, ambao tangu 2007 unajulikana kama GLOBALG.A.P., na wakulima wa mishiri nchini Kenya wanaouza Ulaya waliufahamu mapema. Hapakuwa na bunge lililoupitisha, lakini asiye na cheti hakupata mnunuzi katika maduka hayo. Kiswahili kina neno linaloieleza hali hiyo barabara: sharti. Sharti huwekwa na mwenye kununua. Lazima huwekwa na dola.

Udhaifu wa cheti unatokana na pale pale penye nguvu yake, yaani kwamba anayekaguliwa ndiye anayelipa. Mwaka 2008 kiwanda cha Peanut Corporation of America kilipata alama ya juu kutoka kwa mkaguzi wa kulipwa. Katika mlipuko wa salmonela wa 2008 na 2009 uliohusishwa na karanga za kampuni hiyo, watu zaidi ya 700 waliugua na 9 wakafariki. Sheria mpya ya usalama wa chakula ilitiwa saini Marekani Januari 2011.

Amri isiyoombwa

Agizo la Umoja wa Ulaya Na. 2555 la mwaka 2022, liitwalo NIS 2, halimngoji mtu aombe. Nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 17 Oktoba 2024 kuliingiza katika sheria zao. Kwa ujumla linazigusa taasisi za ukubwa wa kati na kuendelea katika sekta zilizotajwa, na miongoni mwake umo uzalishaji wa chakula wa viwandani pamoja na usambazaji wake wa jumla. Shambulio kubwa hupaswa kutolewa tahadhari ndani ya saa 24 na taarifa kamili zaidi ndani ya saa 72. Viongozi wa taasisi wenyewe hutakiwa kuidhinisha hatua za kinga na kupata mafunzo. Hawawezi kumtupia mzigo huo fundi wa kompyuta. Kwa kundi ambamo chakula kimewekwa, kiwango cha juu cha faini hakiwezi kuwekwa chini ya yuro milioni 7 au asilimia 1.4 ya mauzo ya dunia nzima, kutegemea ipi ni kubwa zaidi.

Kwa nini chakula kiingizwe humo? Julai 2021, maduka mengi ya Coop nchini Uswidi yalifungwa baada ya mashine za malipo kukwama, kwa shambulio lililopitia programu ya msambazaji wa mbali. Chakula kilikuwa rafuni, salama kabisa kwa kipimo cha HACCP, lakini hakikuuzika.

Hapa pana kinaya kinachostahili kuangaliwa. Mwenye cheti cha hiari hutembelewa na mkaguzi kila mwaka, apende asipende. Taasisi za kundi la chakula chini ya NIS 2, kwa upande wake, husimamiwa zaidi baada ya kuonekana dalili za ukiukaji. Kwa maana hiyo cha hiari hukagua mara nyingi kuliko cha lazima. Tofauti ni kwamba cha lazima kina meno.

Mpaka unaohama

Agizo hilo linadai pia kwamba kila taasisi iangalie usalama wa wanaoiuzia bidhaa na huduma. Msambazaji aliye nje ya Ulaya hafungwi na sheria hiyo moja kwa moja, ila mteja wake anaweza kuihamishia ndani ya mkataba, na kile kilichokuwa lazima kule kikawa sharti huku, kama ilivyokuwa kwa EUREPGAP.

Mfasiri wa nyaraka hizi hukutana na mtego. Viwango vya hiari vimejaa vitenzi vya amri, kwa sababu aliyekwisha kuchagua kiwango hufungwa nacho. Vikitafsiriwa vyote kwa lazima, msomaji ataona sheria pasipo na sheria; vikilegezwa vyote kuwa inafaa, atadhani hata faini ya mamilioni ni ushauri. Pendekezo la makala haya ni kwamba sharti litumike kwa matakwa ya kiwango na ya mkataba, lazima libaki kwa matakwa ya sheria, na neno ithibati, ambalo sasa hutumika kwa cheti cha kiwanda na pia kwa idhini ya chombo kinachotoa vyeti, liachiwe hiyo ya pili peke yake.