Mwadingusha: mashini ya wababu ingali inazunguka

Saa moja ya magaribi, umeme unakatika. Iwe Likasi, Lubumbashi ao Kolwezi, kila mama anajua kazi inayofuata: kutoa mbabula inje, kupuliza makala, kuweka chungu ya bukari. Mutoto anamaliza devuari na taa ya simu. Lakini kule mbali, taa za mine zingali zinawaka. Ndipo watu wanaulizana: huu umeme unaendaka wapi?

Juu ya kupata jibu, twende Mwadingusha, kwenye muto Lufira, upande wa Likasi. Wazee wanajua Maporomoko ya Cornet. Ni hapo kituo cha umeme kilianza kazi mwaka wa 1930, wakati wa Union Minière, na kikaitwa Francqui. Baraji ilifunga muto, maji yakatandaa, na ziwa Tshangalele likazaliwa. Hata samaki tunayonunua kwenye soko la Likasi, wengi wanatoka katika ziwa hilo.

Kazi yenyewe haiko ya uchawi. Maji yanaingia katika mabomba makubwa, yanateremka zaidi ya metre 100, yanapiga turbini, na turbini inazungusha mashini inayozaa umeme. Hakuna mazuti. Kisha, chini kidogo, maji yale yale yanatumika mara ya pili katika kituo cha Koni, cha mwaka wa 1950.

Lakini tusijidanganye: Mwadingusha haikujengwa juu ya ampuli za nyumba zetu. Ilijengwa juu ya shaba. Katika kiwanda cha Shituru, ni umeme ndio unaotoa shaba ndani ya maji ya asidi na kuishikamanisha kwenye sahani. Umeme ukikatika, kazi inasimama. Kwa sababu ile ile, kwenye muto Lualaba walijenga Nzilo mwaka wa 1952 na Nseke mwaka wa 1956. Hata ule musitari mukubwa unaotoka Inga, wa kilometre karibu 1700, unapita juu ya vijiji vingi bila kuwasha hata ampuli moja, mpaka unafika Kolwezi.

Sasa, chuma nacho kinazeeka. Mabomba yanakula kutu, mashini zinachoka, vipande vya kubadilisha vinakosekana. SNEL pamoja na kampuni zenye mine ya Kamoa-Kakula wakatengeneza Mwadingusha upya. Mwaka wa 2021, mashini zote sita zilirudi kazini, jumla megawati 78. Ni kazi nzuri, tuseme kweli. Lakini wenye kutoa feza walitafuta kwanza umeme wa mine yao.

Tena kuna jambo lingine ambalo watu hawasemi sana. Mashini mupya bila maji ni chuma tu. Tshangalele ni ziwa lisilo na kina kirefu. Pale pori inapokatwa juu ya makala, mvua inapiga udongo mutupu, na udongo unateremka mpaka mutoni. Maji machafu ya viwanda vya Likasi nayo yanafuata muto Panda na kuingia Lufira. Ziwa likijaa matope, nafasi ya maji inapunguka, na wakati wa kiangazi turbini zinaona njaa. Umeme ukipunguka, tunanunua makala tena. Nasi tunazunguka sawa turbini.

Tusimutupie mama kosa. Hakuna mutu anayepika na giza. Familia ikipata umeme wa kweli, mbabula itapumuzika, na pori pia.

Basi tufanye nini? Sheria ya mine ya mwaka wa 2018 inalazimisha kampuni kuandika pamoja na wakaaji wanaoguswa na mine kitabu cha ahadi, kile wanachoita cahier des charges, na kuweka pembeni 0,3% ya feza ya mauzo juu ya maendeleo yao. Wakati wa kukiandika, wengi wanaomba masomo na visima. Ni vizuri. Lakini waongeze mambo mawili: umeme katika kartie, na miti kwenye kando za mito.

Wababa waliofanya ile baraji walitoa jasho juu ya shaba ya wengine. Ile mashini ingali inazunguka. Ni haki mujukuu wao naye asome chini ya taa yake.